Usimwandikie kobe programu

Haya wasomaji, leo tuweke kando habari za seva na simu mpya tuongee juu ya kobe. Naam, kobe! Ukiona ajabu, kumbuka kwamba sisi watu wa tarakilishi tumetoka mbali na mnyama huyu. Lugha ya Logo, iliyozaliwa mwaka 1967, iliwafundisha watoto wengi programu kwa kumwamuru kobe aende mbele, ageuke, achore mstari. Hata Python iliyo kwenye mashine yako ina moduli iitwayo turtle. Lakini kobe wa leo si wa kwenye skrini. Huyu anakula, anachafua maji, na akikosa pa kuotea jua anaugua.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajue aanzie wapi kunishambulia. Mahali pa kuotea jua pa kobe hapahitaji programu. Hapahitaji apu, hapahitaji waifai, hapahitaji bodi yenye taa ndogo za kumetameta. Nasema haya nikiwa mtu ninayelipwa mshahara kwa kuandika programu, mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi ukutani kwa mama, na mwenye droo iliyojaa vihisi na nyaya ambazo zinangoja kazi tangu mwaka jana. Kishawishi ninakijua vizuri kuliko wengi.

Kwanza jina. Kiswahili kina kobe wa nchi kavu na kina kasa wa baharini, na watu wa pwani watakutajia hadi ng'amba. Huyu wa tatu, anayekaa kwenye mito na mabwawa na kupanda gogo kuota jua, hana jina lake peke yake linalojulikana na wengi. Mimi nitamwita kobe wa maji, mabingwa wa lugha wanivumilie.

Sasa kisa. Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, na mwanawe wa miaka 12 anafuga kobe wa maji wa aina ile yenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, Trachemys scripta elegans kwa jina la kisayansi. Asili yao ni bonde la mto Mississippi, na wameuzwa dunia nzima kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku kuuza wale ambao gamba lao halijafika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto wadogo walikuwa wakiwashika, wakiwatia mdomoni na kuambukizwa Salmonella. Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza mwaka 1997, maana watu wakichoka nao huwatupa mtoni, na huko mtoni huwanyang'anya kobe wenyeji magogo yao ya kuotea jua. Ona basi, hata ugomvi wao ni juu ya mahali pa kuotea jua! (Na kabla hujaanza kutafuta wa kwako hapa Kenya, sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumtoa kobe bwawani ukamweka nyumbani bila kibali. Wetu waache walipo.)

Mpwa wangu alinipigia simu Jumamosi moja. "Shikamoo mjomba. Nataka unisaidie kuandika programu ya taa ya kobe."

"Marahaba. Kwani kobe ana nini?"

"Daktari amesema gamba limeanza kulainika pembeni."

Halafu akanieleza mpango wake, na nikiri ulikuwa mpango safi kwa mtoto wa umri huo. Bodi ndogo ya ESP32, kihisi cha joto aina ya DS18B20 kilichobandikwa kwenye jukwaa la kobe, rilei ya kuwasha na kuzima taa, na ukurasa wa simu wa kuonyesha joto. Jukwaa likipoa chini ya nyuzijoto 32, taa iwake. Likipita 35, izime. Alikuwa ameshachora hadi rangi za vitufe. Nikamwambia aiweke bodi mezani kwanza anielezee tangi lilivyo, sentimita kwa sentimita.

Hapa lazima tueleze kobe hupanda kwenye gogo kutafuta nini, kwa sababu wengi hudhani ni mapumziko tu. Anatafuta mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni joto. Kobe hawezi kutengeneza joto lake mwilini kama wewe na mimi, kwa hiyo huliazima. Akipoa sana chakula hakisagiki tumboni na kinga ya mwili hulegea. La pili ni kukauka, tena kukauka kabisa, tumbo na mgongo, maana gamba linaloshinda limelowa siku zote hushambuliwa na ukungu na bakteria hadi likaoza. Porini jua pia humsaidia kupunguza mwani na ruba.

La tatu ndilo lisiloonekana. Katika mwanga wa jua kuna miale iitwayo UVB. Ikigusa ngozi, mwili wa kobe hutengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu iliyomo kwenye chakula haiingii mwilini inavyotakiwa. Gamba la kobe ni mfupa, mbavu na uti wa mgongo vimeungana humo ndani. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili huichota kutoka kwenye mifupa yenyewe. Ndiyo maana kobe asiyepata UVB hulainika gamba, hupinda, na mwishoni hata miguu hushindwa kumbeba.

Huku kwetu jua hutoa yote matatu bure, mchana wa karibu saa 12 mwaka mzima. Kobe akipata gogo, jiwe au chochote kinachojitokeza juu ya maji, mambo yake yamekwisha. Katika mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, kuna bwawa liitwalo Sunset Dam ambako kobe wa maji wa aina ya Pelusios sinuatus, aina ambayo tunayo hata Kenya, hupanda mgongoni mwa viboko kuota jua. Kiboko mwenyewe hana habari. Lakini Minnesota iko karibu na latitudo ya 45 kaskazini. Mwezi wa Desemba mchana wa huko haufiki saa 9, na jua hupita chini kabisa angani kiasi kwamba UVB karibu yote huishia njiani kabla ya kufika ardhini. Kwa hiyo jua la kobe linatoka dukani.

Turudi kwenye tangi la mpwa wangu. Jukwaa lake lilikuwa lile la plastiki linaloelea, linalobandikwa kwenye kioo kwa vinyonyo vya mpira. Lilinunuliwa wakati kobe akiwa mdogo kama kisahani cha kikombe. Leo ana gamba la sentimita 20 na uzito wa zaidi ya kilo moja, akipanda jukwaa linazama naye. Anakaa juu yake, shingo nje, tumbo majini. Kwa macho ya mtu anayepita sebuleni kobe anaota jua. Ukweli ni kwamba hajakauka tangu lini sijui.

Taa nazo zilikuwa mbili, moja ya joto na moja ya UVB, zote zimewekwa juu ya kifuniko cha kioo cha tangi. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote! Ndiyo sababu hata kumweka kobe dirishani apigwe na jua hakusaidii kitu upande huo. Juu ya hayo, taa ya UVB ilikuwa na umri wa miaka miwili. Taa hizi huendelea kung'aa vizuri machoni petu huku UVB yake ikififia, ndiyo maana wengi wa watengenezaji hushauri zibadilishwe baada ya miezi 6 hadi 12. Dada yangu aliniuliza, "Lakini si inawaka?" Inawaka, dada. Sisi tunaosimamia seva tunalijua tatizo hili. Mashine inajibu ukiibisha hodi, taa ya kijani iko palepale, kumbe huduma yenyewe imekufa tangu juma lililopita.

Hebu sasa chukua ule mpango wa bodi na rilei uuweke juu ya tangi hilo. Programu ingefanya kazi sawasawa. Ingepima jukwaa lililolowa, ingewasha taa iliyo nyuma ya kioo, na ingetuletea kwenye simu namba nzuri ya kijani, 33. Kobe angeendelea kulainika, na sisi tungekuwa na hakika zaidi kuliko mwanzo kwamba mambo ni shwari. Hilo ndilo linaloniogopesha kuhusu tabia yetu ya kukimbilia msimbo. Programu hujibu swali uliloiuliza, na hapa hakuna mtu aliyeuliza kama kobe anakauka.

Lakini tuseme tangi limerekebishwa, jukwaa ni kavu na kioo kimeondolewa. Je, sasa tuweke programu? Bado nasema hapana, na sababu yangu ya kwanza ni fizikia ya kidato cha pili. Jiwe lililo chini ya balbu ya wati 50 halipandi joto milele. Linapokea joto kutoka kwenye balbu na linapoteza joto kwa hewa na maji yaliyo karibu, na kadiri linavyopata moto ndivyo linavyopoteza kwa kasi zaidi, hadi mapato na matumizi yanalingana. Hapo linatulia. Kama limetulia kwenye 28, shusha taa kidogo. Kama limetulia kwenye 40, ipandishe. Wengi hulenga uso wa jukwaa uwe kati ya nyuzijoto 30 na 35 hivi, na maji yawe karibu 24 hadi 26 kwa kobe mkubwa. Ukishapata urefu wa mnyororo unaokupa 33, umemaliza. Mnyororo hauna sasisho la Jumanne usiku.

Sababu ya pili ni jinsi programu zinavyoharibika. Kihisi cha DS18B20 nakipenda sana, ni cha bei nafuu na kinapima vizuri, kosa lake halizidi nusu nyuzi katika joto tunalozungumzia. Lakini kina vituko. Kikipata umeme tu, kabla hakijapima chochote, namba iliyomo ndani yake ni 85. Na waya ukichomoka, maktaba inayotumiwa na wengi kwenye Arduino na ndugu zake hukurudishia −127. Sasa soma sharti la mpwa wangu: joto likiwa chini ya 32, washa taa. Kobe ameupiga waya teke, umechomoka. Namba ni −127. Je, −127 ni chini ya 32? Ni chini, tena sana. Washa taa! Na taa itawaka usiku kucha, na kesho, na keshokutwa, huku programu ikiamini inamwokoa kobe kutoka kwenye baridi ambayo haipo popote katika sayari hii.

Utaniambia, "Si uandike sharti la kukataa namba za ajabu?" Sawa, tuandike. Halafu tuandike la rilei iliyogandana, maana vyuma vya ndani ya rilei huweza kushikana kabisa visiachane, na hapo programu inasema zima, taa inasema siendi. Halafu la umeme kukatika katikati ya kuandika faili. Halafu la saa ya bodi kurudi mwaka 1970 baada ya waifai kukosekana. Mimi nayaandika mambo haya kila siku kazini na sioni taabu. Ila kazini hitilafu ikitokea tunarudisha toleo la jana tukaenda kunywa chai. Gamba la kobe halina toleo la jana, na taa ya wati 50 isiyozimika sebuleni ni suala la moto pia, kuna watu wamelala chumba cha pili.

Kuna wengine watasema tusijiandikie, tununue vile vifaa vilivyokwisha kutengenezwa, vyenye apu yake. Ajabu yangu ni hii. Kobe huyu akitunzwa anaweza kuishi miaka 30 au zaidi. Ni kampuni gani ya vifaa vya intaneti unayoiamini kwa miaka 30? Mwezi Mei mwaka 2016 vidude vya Revolv vya kuendeshea taa na vifaa vya nyumbani vilizimwa kabisa baada ya wenye seva kufunga huduma, na watu walikuwa wamevinunua kwa dola 300 kila kimoja. Januari mwaka huohuo themostati za Nest ziliwaacha watu kwenye baridi kwa sababu ya hitilafu ya programu. Mwaka 2020 mashine za Petnet za kulisha paka na mbwa zilipoteza huduma kwa karibu wiki nzima. Mpwa wangu ana miaka 12. Akiwa na miaka 35, mwenye watoto wake, yawezekana kobe bado yupo. Apu hiyo itakuwa wapi?

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni kwamba mdhibiti wa joto tayari yumo ndani ya tangi. Ni kobe mwenyewe! Mpe ncha moja yenye joto na ukavu na ncha nyingine yenye maji ya baridi kiasi, naye atapanda akitaka kupata joto na kujitumbukiza akishiba. Akihisi ugonjwa atakaa juu muda mrefu zaidi, akiwa ametoka kula atapanda. Ana vihisi mwili mzima na amefanyiwa majaribio kwa mamilioni ya miaka. Kazi yetu ni kuhakikisha ncha zote mbili zipo, siku zote, kwa saa zilezile. Tukianza kuwasha na kuzima taa kila jiwe linapopanda nyuzi moja, tunamnyang'anya ile tofauti aliyokuwa akiitumia kuamua. Anapanda anakuta giza, anashuka.

Mwanasayansi mmoja wa Bristol, Uingereza, William Grey Walter, alitengeneza kati ya mwaka 1948 na 1949 roboti mbili alizoziita kobe, Elmer na Elsie. Ndani yake hamkuwa na tarakilishi, mlikuwa na vali mbili tu za redio, jicho la kuhisi mwanga na kitu cha kuhisi mgongano. Zilizunguka sakafuni zikifuata mwanga, na betri ilipopungua ziliweza kujirudisha kwenye kibanda chenye taa na chaji. Grey Walter aliweka taa mahali pamoja akaacha kobe waamue. Sisi baada ya miaka zaidi ya sabini, tukiwa na kobe wa kweli mkononi, tunataka kufanya kinyume, tuichezeshe taa na kumfanya kobe awe kitu cha kungoja amri.

Nisionekane mpinga maendeleo. Zipo sehemu ambapo themostati ni lazima. Mkeka wa joto wa nyoka unaweza kumchoma aliyelala juu yake, huo usiutumie bila themostati. Hita ya maji ya tangi nayo huja na themostati yake ndani, na hiyo ni sawa, ila ivikwe kinga kobe asiivunje. Pia najua chumba hubadilika, kiangazi cha Minnesota si kama baridi yake, na jiwe litafuata joto la chumba. Kwa hilo mpwa wangu atapandisha mnyororo pete mbili mwezi Juni na kuushusha Oktoba. Mara mbili kwa mwaka. Nimeona programu zinazohitaji kuangaliwa zaidi ya hapo.

Basi tulijenga nini? Jukwaa jipya halielei na halimo ndani ya tangi, limekaa juu ya ukingo wake. Fremu ni ya mabomba ya PVC ya nusu inchi, sakafu ni ule wavu mgumu wa plastiki wa miraba midogo unaofunikia taa za dari maofisini, umefungwa kwa vibano vya plastiki, ncha zake zimekatwa na kupigwa msasa zisimkwaruze. Maji yanachuruzika kupitia matundu, kwa hiyo tumbo linakauka. Juu yake, chini ya taa, tumeweka kigae kimoja cha jiwe kinachoshika joto, lakini si kizima, tumeacha nusu ya sakafu wazi. Ukubwa wake unamtosha kobe kugeuka bila kudondoka, na ukuta wa pembeni ni mrefu maana kobe wa maji ni mpandaji hodari kuliko watu wanavyodhani. Njia ya kupandia ndiyo iliyotusumbua. Ya kwanza ilikuwa na mwinuko mkali, kobe akapanda nusu akateleza akasusa siku tatu. Tuliilaza zaidi, tukaishusha hadi chini ya uso wa maji ili aikute akiwa anaogelea, tukaifunga mawe madogo kwa gundi ya silikoni ya matangi, isiyo na dawa ya ukungu, ikakaushwa na kuoshwa kabla ya kutumiwa. Mawe makubwa ya kurundika majini tuliyakataa, kobe anaweza kunasa kwenye nafasi zake akafa maji.

Taa zote mbili sasa zinaangalia sehemu moja, hakuna kioo wala plastiki kati yake na kobe. Ni muhimu ziende pamoja, kwa sababu kobe hufuata joto na mwanga, haioni haja ya kwenda kutafuta UVB upande wa pili. Umbali wa taa ya UVB tumeufuata kwenye karatasi yake kwa rula, si kwa macho, maana kwa balbu ndogo ukipunguza umbali kwa nusu nguvu huongezeka karibu mara nne. Tarehe ya kuifunga imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye ncha ya taa yenyewe. Kibanio cha taa hakiaminiki peke yake juu ya maji, kwa hiyo kila taa ina mnyororo. Waya umeachwa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni. Soketi ni ile yenye kikatio kinachokata umeme mara moja ukivuja. Kinachowasha na kuzima ni taima ya kuzungusha kwa mkono, ile inayolia tik-tik, saa 12 kuwaka na saa 12 giza. Umeme ukikatika saa mbili, kobe ataamka saa mbili baadaye. Huo ndio ubaya wake mkubwa, na naweza kulala nao.

Yote kwa pamoja, bila taa ya UVB, yaligharimu pungufu ya ile bodi na mapambo yake aliyotaka kununua.

Na programu? Niliandika moja, mistari 58. Inasoma vihisi viwili kila baada ya dakika 5, kimoja chini ya kigae na kimoja majini, na kuandika namba kwenye faili pamoja na saa. Basi. Hakuna rilei. Ikisoma 85 au −127 inaandika neno "kosa" na kuendelea. Ikifa, kobe hatajua. Hapa msimbo umekaa mahali pake, unamwonyesha mtu kinachoendelea na kumwachia mtu huyo kazi ya kufikiri.

Wiki ya tatu mpwa wangu alinitumia grafu. Alikuwa ameona kwamba mstari wa kigae hupanda taratibu asubuhi, halafu hushuka ghafla kama nyuzi nne na kurudi. Alidhani kihisi kimeharibika. Akakaa mbele ya tangi na daftari siku ya Jumapili, akagundua kwamba mshuko ule ni kobe anayepanda akichuruzika maji juu ya kigae. Sasa anajua kobe hupanda kama dakika 40 baada ya taa kuwaka, hushuka, na hurudi tena alasiri kwa muda mrefu zaidi. Hakuna aliyempangia.

Daktari atalipima gamba tena mwezi ujao, na ameshaongeza kalsiamu kwenye chakula. Mfupa haurudi kwa haraka. Mpwa wangu sasa anataka nimwongezee kihisi cha tatu, cha kupima hewa ya chumba, ajue lini pa kushusha mnyororo. Hicho nimekubali, maana hakishiki swichi yoyote.